Kabla Fundi Hajafuta Diski

Kipakatalishi chetu kina ratiba. Kuanzia tarehe mosi hadi tarehe tisa ya kila mwezi hukaa Kitale, juu ya meza yangu. Baada ya hapo kijana wangu huja nyumbani, hukifunga ndani ya sweta mbili, hukitia mkobani na kupanda nacho matatu. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, kisha Bungoma, akiwa amekipakata njia nzima, maana mkoba ukirushwa kwenye buti hujui gunia lipi la viazi litakuja kuukalia. Mwezi ukielekea ukingoni, kinarudi kwa njia ile ile.

Mimi ni mwandishi wa hesabu. Ninatayarisha mishahara ya shule mbili za kibinafsi na ya maduka machache mjini, na kodi ya mishahara hiyo lazima iwe imewasilishwa kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ifikapo tarehe tisa ya mwezi unaofuata. Fomu yake, P10, ni faili ya Excel yenye makro: unajaza majina na tarakimu, unabonyeza kitufe cha kuhakiki, faili inafungwa kuwa zipu, unaipakia kwenye iTax, tovuti yao ya kodi. Kijana wangu anasomea kompyuta Bungoma, na masomo yake yanamtaka awe na Linux, mfumo ambao sehemu kubwa ya seva za intaneti husimama juu yake, ambao uko chini ya kila simu ya Android, na ambao tangu 2017 ndio pekee unaoendesha kompyuta zote 500 zilizo kwenye orodha ya zile zenye nguvu zaidi duniani. Excel ninayoihitaji mimi haiji kwa Linux. Kuna LibreOffice, ambayo ni programu nzuri na ninaitumia kwa barua zangu zote, lakini makro zilizoandikwa kwa ajili ya Excel huzielewa nusu nusu, na kodi si mahali pa kuelewana nusu nusu.

Kwa watu wengine, kuendesha mifumo endeshi miwili kwenye mashine moja ni jambo la mapenzi: mtu ana kompyuta tatu na anataka kuona kama ya nne itaweza. Kwetu swali limeletwa na upungufu. Tuna kompyuta moja na kazi mbili zisizokaa chini ya paa moja. Ninajua si sisi peke yetu. Nyumba nyingi za Trans Nzoia na Bungoma zina mashine moja iliyonunuliwa kwa mauzo ya mahindi ya msimu mmoja, na mashine hiyo inahudumia mwalimu, mwanafunzi, kikundi cha akina mama na kanisa. Ndiyo maana ninataka kusema jambo hili kwa uzito wake: uamuzi wa jinsi mifumo miwili itakavyokaa ndani ya kompyuta yako ni wako, na uanze na kazi unayofanya na RAM uliyo nayo. Usianze na flashi ambayo fundi ameshaichomeka.

Nilijifunza hivyo kwa hasara. Mara ya kwanza tulipohitaji Linux, nilipeleka mashine kwa duka moja mjini nikamwambia kijana aliyekuwa zamu, "Niongezee Linux, Windows ibaki." Aliitikia vizuri, kwa adabu. Nilipoirudia jioni, Linux ilikuwapo, nzuri na nyepesi. Windows haikuwapo. Faili za mishahara ya miaka mitatu hazikuwapo. Picha za mazishi ya mama yangu, ambazo mpwa wangu alinitumia nikazihifadhi mahali pamoja tu, hazikuwapo. Kisakinishi kilikuwa kimeuliza swali moja, kama nifute diski yote au niweke kando ya kilichopo, na mkono wake ulizoea jibu moja. Mishahara niliijenga upya kutoka barua pepe na karatasi. Picha za mama sikuzipata zote.

Siandiki haya kumlaumu kijana yule. Mafundi wetu wamejifunza kazi kwa kuokoa mashine zilizokufa, na mashine iliyokufa haina cha kupoteza. Kufuta yote na kuweka upya ndiyo dawa yao ya kila homa. Lakini anayetaka mifumo miwili hajaja na maiti. Amekuja na mashine hai yenye maisha ya watu ndani yake, na huyo anahitaji fundi anayeuliza kabla ya kubonyeza.

Basi tuseme njia zenyewe. Nitaeleza kwa lugha ya shamba kwa kuwa hapa kila mtu ana shamba au ana shangazi mwenye shamba. Diski ni ghala. RAM ni ng'ombe wa plau. Ukigawa diski na kuweka Windows huku na Linux kule, unajenga ukuta katikati ya ghala: mahindi upande mmoja, maharagwe upande wa pili. Ukuta ukisimama, nafasi uliyoitoa huirudishi kirahisi. Ila asubuhi ukifunga nira, ng'ombe wote wanalima shamba moja, kwa nguvu zote. Unapowasha kompyuta unachagua: leo Windows, au leo Linux. Huwezi kulima yote mawili saa moja.

Njia ya pili ni mashine pepe. Unaacha mfumo mmoja ukiwa mwenyeji, unaweka programu kama VirtualBox, na ndani ya dirisha lake unasakinisha mfumo wa pili kama mgeni. Hapa ghala halina ukuta, kwa sababu mgeni mzima, na diski yake yote, ni faili moja kubwa unayoweza kuinakili au kuitupa. Mifumo yote inafanya kazi kwa wakati mmoja. Lakini ng'ombe ni wale wale, na sasa wanavuta plau mbili. Huu ni mseto wa kweli, mahindi na maharagwe kwenye mstari mmoja, na kila mkulima wa Kiminini anajua mseto unataka rutuba.

Rutuba hiyo ni RAM, na hapa ndipo ushauri mwingi unaotoka mbali unapotupotosha. Mtu aliye na GB 32 anakuambia kugawa diski ni mambo ya kale, kila mwerevu siku hizi anatumia mashine pepe. Kwake ni kweli. Lakini vipakatalishi vinavyouzwa mitaani kwetu, vile tunavyoviita ex-UK, vilivyotoka ofisi za Ulaya baada ya kutumika miaka kadhaa, huja aghalabu na GB 4 au 8. Ukiwa na 4, Windows yenyewe inahema kabla hujamkaribisha mgeni. Ukiwa na 8, unampa mgeni 4 na mwenyeji anabaki na 4, na ukifungua kivinjari chenye kurasa kumi, wote wawili wanakwama. Tulijaribu. Kijana wangu alikaa nayo wiki mbili Bungoma akaniambia kwa simu, "Mama, nikiandika herufi naweza kwenda kuteka maji nikarudi ndipo itokee."

Kuna jambo jingine linalofanya watu waamini mashine yao haiwezi mashine pepe kabisa: uwezo huo unaweza kuwa umezimwa kwenye BIOS tangu ilipokuwa ofisini Ulaya. Ukiingia kwenye mipangilio ya BIOS ukatafuta neno Virtualization na kuliwasha, mlango unafunguka. Ni dakika mbili. Nimeona watu wakiuza mashine kwa kutojua dakika mbili hizo.

Msimamo wangu, basi. Ukiwa na GB 16 au zaidi, usiguse diski, tumia mashine pepe. Ukiwa na 8 au chini yake na kazi zako mbili ni nzito, gawa diski, au bora zaidi tafuta diski ya pili, jambo nitakalolirudia. Na ukiwa mwanafunzi wa programu ambaye anahitaji tu zana za Linux, yaani Python, kikusanyi cha lugha ya C, Git na kadhalika, huku Windows ikibaki nyumba yako, kuna njia ambayo Microsoft wenyewe waliileta mwaka 2016, WSL, inayoweka Linux ndani ya Windows bila kugawa kitu. Toleo lake la pili lina kiini halisi cha Linux. Ni njia nzuri na nyepesi kuliko mashine pepe kamili. Kasoro yake kwa mwanafunzi ni kwamba hatawahi kuona Linux ikiamka yenyewe, ikikosa Wi-Fi, ikimtaka atafute kiendeshi. Na kwa anayetaka kuwa fundi wa seva, hiyo ndiyo sehemu ya kujifunza.

Ipo pia njia ya flashi. Unapakua faili ya Linux, Mint kwa mfano ni karibu GB 3, unaiandika kwenye flashi, unawasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, na mfumo mzima unaamka bila kugusa diski. Siwezi kuipendekeza kwa kazi ya kila siku kwa sababu flashi ni za polepole na huchoka. Lakini hakuna anayepaswa kusakinisha chochote kabla ya kupita hapo. Kaa na flashi jioni moja. Angalia kama Wi-Fi inashika, kama sauti inatoka, kama kamera inaona, kama mwanga wa kioo unapungua na kuongezeka. Kitu kikikataa utakijua ukiwa bado huna cha kujutia.

Watu waliogawa diski wana hadithi zao, na yangu ni ya saa. Tulipopata Windows upya, kijana wangu aligawa diski mwenyewe, akaanza na Windows kisha Linux. Huo ndio mpangilio unaofaa, kwa sababu kisakinishi cha Windows hujiweka mbele bila kuuliza nani alikuwapo, ilhali Linux huja na GRUB, orodha ndogo inayotokea ukiwasha na kukuuliza unataka kuingia wapi. Kila kitu kilikwenda sawa. Ikafika tarehe tisa. Nilikuwa nimefungua Windows jioni, nimezima bando ili nisilimalize, ninajaza P10 ya shule ya pili. Saa ya kompyuta ilionyesha saa mbili na nusu usiku. Nikaona nina muda. Nikainuka kuchemsha chai. Jikoni nikawasha redio nikasikia mtangazaji anaaga wasikilizaji, jambo ambalo hafanyi saa mbili na nusu. Nikatazama simu. Saa tano na nusu usiku.

Nilipakia faili ya mwisho dakika kumi kabla ya siku kugeuka, mikono ikinitetemeka.

Maelezo yake ni haya, na ninayaandika kwa kirefu kwa sababu Kenya nzima itakutana nayo. Ndani ya kila kompyuta kuna saa ndogo yenye betri yake, inayotembea hata mashine ikiwa imezimwa. Windows huamini saa hiyo inasema saa za hapa ulipo. Linux huamini inasema saa za dunia, zile za UTC. Sisi Afrika Mashariki tuko mbele ya UTC kwa saa tatu kamili. Kijana wangu akiwa Bungoma, Linux huirekebisha saa ile ndogo ifuate UTC. Mashine ikifika Kitale nikawasha Windows bila intaneti, Windows inaisoma saa ile kana kwamba ni ya Kitale, nami nabaki nyuma kwa saa tatu. Nchi iliyo kwenye UTC yenyewe, kama Ghana, haitaliona tatizo hili kamwe. Kwetu dawa ni amri moja upande wa Linux, timedatectl set-local-rtc 1, inayoiambia ikubali desturi ya Windows. Aliiandika siku iliyofuata. Tangu hapo sijaachwa nyuma.

Kuna mtego mwingine wa aina hiyo. Windows za siku hizi, ukibonyeza kuzima, hazizimiki kabisa. Hujilaza nusu usingizi ili kesho ziamke haraka, na zikiwa zimelala hivyo zinashikilia diski yao. Linux ikiingia na kukuta diski imeshikwa, hukuruhusu kusoma faili zako lakini si kuandika. Watu hudhani Linux imeharibika. Ni Windows iliyolala na funguo mkononi. Zima kile kipengele kinachoitwa Fast Startup, mara moja tu, kwenye mipangilio ya umeme, na mtego umeondoka. Na kabla ya kugawa chochote, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker. Ikiwa imefungwa, kuna ufunguo wa tarakimu 48. Utafute, uuandike kwenye daftari la karatasi, ufungie kabatini. Kompyuta ikihisi mpangilio wa kuwasha umebadilika itakuomba ufunguo huo, na usipokuwa nao, hakuna fundi Kitale wala Nairobi atakayekufungulia.

Ninayasema haya nikijua watakaoyasoma na kusema, basi heri niache. Sitaki uache. Lakini ukweli ni kwamba mifumo miwili kwenye diski moja ni wapangaji wawili wenye mlango mmoja, na mmoja wao akibadilisha kufuli mwenzake analala nje. Agosti 2024 sasisho moja la Windows lilibadilisha orodha ya vianzishi vinavyoaminika wakati wa kuwasha, na watu wengi duniani waliokuwa na Linux kando yake walikuta Linux imekataa kuamka, kioo kikiwa na ujumbe mfupi wa kosa. Microsoft walikuwa wamesema sasisho lile halingegusa mashine zenye mifumo miwili. Suluhisho kamili lilitoka Mei 2025. Miezi tisa. Mwanafunzi anayetegemea mashine moja hana miezi tisa.

Ili kupunguza ugomvi huo tulihamia kwenye diski mbili, na ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote kwa mashine za aina yetu. Kipakatalishi chetu ni HP EliteBook 840 G3, mojawapo ya ex-UK utakazozikuta kila mji. Ukifungua kifuniko cha chini utakuta nafasi ya diski ya inchi 2.5 na, kando yake, nafasi nyembamba ya aina ya M.2. Moja ilikuwa tupu. Miaka yote tuliyogombania ghala moja, ghala la pili lilikuwa humo humo, halina mtu. Vipakatalishi vingine vya ofisi, kama ThinkPad T470 na T480, navyo vina nafasi ya ziada. Tulinunua SSD ndogo, kijana wangu akaitoa ile ya Windows nje kabisa kabla ya kusakinisha Linux kwenye mpya, ili kusiwe na namna ya kukosea, kisha akairudisha. Sasa kila mfumo una kianzishi chake kwenye diski yake. Windows ikijisasisha, kwa kawaida haigusi kianzishi kilicho kwenye diski ya Linux, ingawa ile orodha ya vianzishi vinavyoaminika bado ni moja kwa mashine nzima. Ninapowasha ninabonyeza F9 na kuchagua diski. Hatuna ukuta wa kujenga wala wa kubomoa, na ng'ombe wote ni wa anayelima.

Mashine isiyo na nafasi ya pili inaweza kupewa SSD ya nje kwa waya wa USB. Si ya kasi ile ile, lakini ni bora mara kumi kuliko flashi, na mwanafunzi anaweza kuibeba mfukoni bila kubeba kompyuta ya mama yake.

Swali hili limekuwa la haraka zaidi tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft walipokoma kuisasisha Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kichakataji ambacho, kwa Intel, ni cha kizazi cha nane kwenda mbele isipokuwa vichache. EliteBook yetu ni ya kizazi cha sita. Imekataliwa mlangoni, ingawa haina ugonjwa wowote. Mashine za namna hii ndizo zilizojaa madukani na mashuleni kwetu. Mafundi wana njia ya kulazimisha Windows 11 iingie, na inaingia, lakini Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine iliyoingizwa hivyo. Wapo pia wanaoweka Windows iliyovunjwa kufuli ya leseni, kwa programu ambayo hakuna anayejua imeandikwa na nani. Mimi ninayebeba namba za KRA na mishahara ya watu wazima arobaini siwezi kumkaribisha mgeni huyo, na ninawasihi wenzangu wa kazi hii wasimkaribishe.

Tulichofanya ni kuandikisha Windows 10 yetu kwenye muda wa nyongeza wa masasisho ya usalama, ambao Microsoft waliuweka hadi Oktoba 13, 2026, na kuibadilishia Windows kazi. Haivinjari tena. Haifungui barua pepe. Ninaijazia P10 bila intaneti, zipu inatua kwenye folda ya pamoja ambayo mifumo yote miwili inaisoma, naizima Windows, nawasha Linux, na kutoka huko, kwa Firefox, ninapakia iTax. Mfumo mzima umebaki na kazi ya fomu moja. Inanichukua dakika tano zaidi na ninalala vizuri.

Na hapa nina neno kwa wenye fomu. Serikali yetu imehamishia huduma zake mtandaoni, jambo ninalolisifu, maana ninakumbuka foleni. Lakini fomu inayohitaji programu ya kampuni moja, iliyo juu ya mfumo wa kampuni hiyo hiyo, inamlazimisha mwananchi anunue, au avunje kufuli. Mwajiri mwenye wafanyakazi wanne Kamukuywa anapaswa kujaza mishahara ndani ya kivinjari chochote, kwenye kompyuta yoyote, hata ya saiba. Siku P10 itakapojazwa hivyo, nitaing'oa Windows na kumpa kijana wangu diski yake.

Vyuo navyo. Tuna Kitale National Polytechnic, tuna Chuo Kikuu cha Kibabii pale Bungoma, na vyuo vya kiufundi katikati yao. Ningependa kila mwanafunzi wa kompyuta, kabla ya kupewa cheti, akabidhiwe mashine kuukuu moja na kuambiwa: weka mifumo miwili humu, iharibu, kisha iokoe bila kupoteza faili hata moja. Kijana aliyepita hapo hatafuta miaka mitatu ya mishahara ya mtu.

Wako wanaoniuliza kwa nini niteseke na hii Linux ya watu wa mbali. Mbali wapi? Ni kweli Linus Torvalds aliianza Helsinki mwaka 1991 akiwa mwanafunzi, kama kijana wangu. Lakini Ubuntu, iliyotoka Oktoba 2004, ilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake halihitaji mkalimani. Sisi tunasema mtu na utu, Mbukusu humwita mtu omundu, mzizi ni ule ule. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, walikuwa wakituma sidii zake bure kwa posta popote duniani. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu programu hizo ni huria: anayeijua lugha anaruhusiwa kuzifungua na kuzitafsiri bila kuomba ruhusa ya mtu. Mimi ninaandika makala haya juu ya LibreOffice, mjukuu wa ukoo huo.

Simwambii kila mtu aifute Windows. Wapo wanaohubiri hivyo na nawaelewa, ila hawajajaza P10. Mchoraji ramani za majengo anayetegemea AutoCAD, karani anayetegemea programu ya uhasibu iliyonunuliwa na ofisi, mwalimu anayewaandaa watahiniwa kwa karatasi ya vitendo ya somo la kompyuta kwa programu zilizopo maabara, wote wana sababu ya kuibakiza. Ninachokataa ni kubaki kwa woga, au kuhama kwa kusukumwa na fundi.

Kijana wangu, ambaye ninamwita Baba kwa sababu amebeba jina la baba yangu mzazi, alinipigia juzi. Mwenzake wa chumba amenunua ex-UK yenye GB 8 na anataka mifumo miwili. "Nimemwambia tuifungue kwanza tuone kama ina nafasi ya pili," akasema. "Tena nikamuuliza picha zake ziko wapi." Nikanyamaza kidogo. Nikamwambia, "Umeuliza vizuri, Baba."

Zamu yangu ya mwezi huu imekwisha. Jumamosi anakuja kukichukua. Nimeshaizima Windows kabisa, si kuilaza, nakala ya mishahara iko kwenye diski ya nje, na daftari lenye zile tarakimu 48 limerudi kabatini.